Daftari la Kifua Kikuu

Mtu akikuambia ya kuwa katika kila wagonjwa mia moja wa kifua kikuu themanini wamepona, usishangilie upesi. Muulize kwanza: hao mia ni akina nani? Je, ni wote ambao majina yao yaliandikwa siku ile walipopewa dawa kwa mara ya kwanza, au ni wale tu waliofika mwisho wa safari? Swali hili laonekana dogo, tena la mtu mbishi. Lakini vita vya kupigana na kifua kikuu katika Afrika Mashariki vimelizunguka kwa muda mrefu. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nchi moja maskini, Tanzania, ilivyokubali kulijibu swali hilo bila kujificha, na jinsi jibu lake lilivyokuja kufuatwa na mataifa mengi, hata yale yenye fedha nyingi kuliko yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika hospitali moja ya wilaya wagonjwa 100 wameanza dawa mwezi wa Januari, na dawa yenyewe ni ya mwaka mzima. Ilipofika Desemba wamebaki 50. Hawa wakapimwa makohozi, na 48 kati yao hawakuonekana na vijidudu. Karani wa kwanza ataandika kuwa waliopona ni 48 katika 50, yaani asilimia 96. Karani wa pili ataandika 48 katika 100. Wote wawili wamegawanya sawasawa, wala hapana aliyesema uongo wa tarakimu. Hesabu ya kwanza yapima nguvu ya dawa. Hesabu ya pili yapima nguvu ya hospitali pamoja na nchi nzima iliyo nyuma yake: barabara, mishahara ya wauguzi, stoo ya dawa, na subira ya watu. Wale 50 waliokosekana wako wapi? Baadhi wamekwisha kuzikwa. Wengine wamerudi shambani kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Wengine bado wanakohoa, na usiku wanalala chumba kimoja na watoto wao.

Sisi walimu twaujua vizuri mchezo wa karani wa kwanza. Iko shule ambayo huwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani wa mwisho, kisha ikatangaza kwa fahari ya kuwa wote waliofanya mtihani wamefaulu. Mzazi asiyeuliza walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi hupiga makofi.

Yafaa sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch huko Berlin tarehe 24 Machi 1882. Hupita hewani, kutoka kwa mgonjwa anayekohoa mpaka katika pafu la mtu aliye karibu naye. Wengi wanaokivuta hawaugui kamwe, kwa maana mwili hukifunga kama mfungwa. Lakini akitoroka mfungwa huyo, pafu huanza kuliwa. Mgonjwa ambaye makohozi yake yana vijidudu vinavyoonekana kwa hadubini, asipotibiwa, ana hatari kubwa ya kufa: kiasi cha nusu ya wagonjwa wa namna hiyo hufa katika muda wa miaka mitano. Kabla ya dawa kupatikana, tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri, na kuvuta hewa safi ya milimani. Kwa sababu hiyo hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 katika nchi ya Tanganyika, ilijengwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hewa ile ni nzuri kweli, lakini hewa haiui vijidudu.

Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kwa kazi ya Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman. Waingereza waliipima kwa uangalifu mkubwa kuanzia mwaka 1946. Wagonjwa 55 walipewa sindano za dawa hiyo pamoja na kupumzika kitandani, na wagonjwa 52 walipumzika tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Furaha ikawa kubwa; lakini haikudumu. Wengi waliopata nafuu walirudi kuugua, na safari hii sindano hazikufua dafu, kwa kuwa vijidudu vichache vilivyokuwa vigumu vilibaki hai na kuzaana. Hapo waganga wakajifunza kanuni ambayo haijabadilika mpaka leo: kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja peke yake, ila kwa dawa mbili au zaidi kwa pamoja, tena kwa miezi mingi. Mwaka 1952 ilipatikana isoniazidi, dawa ya vidonge iliyo nafuu na yenye nguvu. Kwa dawa hizo, zikinywewa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, karibu kila mgonjwa angeweza kupona.

Angeweza. Neno hilo ndilo lililobeba msiba wote. Nchi tajiri ziliweza kuwalaza wagonjwa wao na kuwafuata majumbani. Baada ya miaka michache vitanda vya hospitali za mapafu vikawa vitupu, na majengo yakapewa kazi nyingine. Nchi maskini hazikuwa na vitanda vya kutosha hata kwa robo ya wagonjwa wao. Kwa hiyo mwaka 1956 jaribio kubwa lilianzishwa mjini Madras nchini India: wagonjwa maskini waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakalazwa hospitalini kwa mwaka mzima na nusu wakapewa dawa zile zile wakikaa kwao, katika vyumba vilivyojaa watu na chakula kilicho haba. Matokeo yalitolewa mwaka 1959. Waliotibiwa nyumbani walikaribia sana kuwa sawa na waliolazwa, na jamaa zao hawakuambukizwa zaidi kuliko jamaa za wale wengine. Hewa ya mlima na kitanda cheupe vikapoteza enzi yao. Kilichobaki kuwa na maana ni dawa kuingia tumboni kila siku mpaka mwisho.

Katika Afrika Mashariki, kituo cha kuchunguza kifua kikuu kilichokuwa Nairobi kilishirikiana na watafiti wa Uingereza kutafuta dawa ambayo serikali maskini zingeweza kuinunua. Waliipata thiasetazoni, ambayo ilitokana na kazi ya Mjerumani Gerhard Domagk. Ikichanganywa na isoniazidi katika kidonge kimoja, bei yake ilikuwa ndogo mno. Katika majaribio, ambamo kila mgonjwa aliangaliwa kama mboni ya jicho, matokeo yalikuwa mema. Lakini mwaka 1970 yalichapishwa makala yaliyolinganisha matokeo ya majaribio hayo na yale ya hospitali za kawaida nchini Kenya, na pengo lilikuwa kubwa. Dawa ni zile zile, wagonjwa ni watu wa nchi ile ile, maradhi ni yale yale. Mimi naona makala hayo yalikuwa na ushujaa wake, kwa maana si rahisi kwa waganga kuandika kwa kalamu yao wenyewe kuwa kazi ya hospitali zao haifanani na kazi ya majaribio yao.

Sababu ya pengo hilo yaelezeka bila elimu kubwa. Mgonjwa hupata nafuu upesi: baada ya majuma machache homa imekwisha, kikohozi kimepungua, na mwili umeanza kunenepa. Ana mke na watoto, au ni mama mwenye mji wa kuangalia. Zahanati iko mbali mwendo wa nusu siku. Yampasaje kuamini ya kuwa, ijapokuwa ana nguvu za kulima, bado ni mgonjwa, naye atakuwa mgonjwa kwa mwaka mzima? Wako pia waliojificha kwa haya, kwa kuwa jirani akisikia habari ya kifua kikuu huhamisha kikombe chake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini kwa maradhi haya kilio chaweza kuwa cha nyumba ya jirani.

Mwaka ule ule wa 1970 lilianza jaribio jingine katika hospitali za Afrika Mashariki, nalo lilikuja kugeuza mambo ulimwenguni. Swali lilikuwa: je, miezi 18 yaweza kupunguzwa ikawa 6? Wagonjwa waliwekwa hospitalini muda wote wa miezi hiyo sita. Kundi moja lilipewa streptomaisini na isoniazidi tu. Makundi mengine yaliongezewa dawa ya tatu. Dawa zilipokwisha wakafuatiliwa ili kuona ni nani ataugua tena. Katika kundi lisilo na dawa ya tatu, 29 katika kila mia waliugua tena. Walioongezewa thiasetazoni, 22. Walioongezewa pirazinamidi, 8. Na walioongezewa rifampisini, dawa mpya ya wakati ule, 3 tu. Hao watatu katika mia ni sawa na waliotibiwa kwa miezi 18 kwa njia ya zamani. Mwaka mzima wa dawa ulikuwa umeondolewa kwa kazi iliyofanywa katika wadi zetu, kwa miili ya watu wetu. Vijana wanaofikiri kuwa elimu ya maradhi hutoka ng'ambo tu na kushuka bandarini kama bidhaa, wangefaa kulikumbuka jaribio hilo.

Hata hivyo rifampisini ilikuwa ghali sana. Wakuu wengi wa mambo ya afya walisema haifai kwa nchi maskini: kwanza kwa sababu ya bei, pili kwa sababu, ikitawanywa ovyo, vijidudu vitaizoea, na dunia itapoteza silaha yake bora. Hoja ya pili ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayotupeleka Tanzania.

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Maradhi haya mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu za kiakili: vijidudu vyake ni wa ukoo mmoja, yote huhitaji dawa za muda mrefu, na mtu mmoja mwenye pikipiki aweza kuwatembelea wagonjwa wa aina zote mbili. Kila mkoa na kila wilaya ikapewa mratibu wake. Mshauri wa mpango huo alikuwa Karel Styblo, mganga wa Chekoslovakia aliyezaliwa mwaka 1921. Alipokuwa kijana Wajerumani walimfunga katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita, na huko ndiko alikopata kifua kikuu. Alipona, akasomea uganga, akatumia umri wake wote kupigana na maradhi yaliyotaka kumwua. Kwa upande wa Tanzania, miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Dakta H. J. Chum.

Styblo hakuleta dawa mpya. Alileta daftari.

Daftari hilo liliwekwa katika kila wilaya. Wilaya ilichaguliwa kwa makusudi: ni kubwa kiasi cha kuwa na hospitali, hadubini na mratibu, na ni ndogo kiasi cha mratibu kuweza kuwajua wagonjwa wake. Jina la kila mgonjwa aliyeanza dawa liliandikwa, pamoja na matokeo ya makohozi yake. Makohozi yalipimwa tena njiani, na tena mwisho wa dawa. Kila baada ya miezi mitatu majina yote ya robo mwaka yalihesabiwa kama kundi moja. Baadaye, muda wa dawa ulipokwisha, kundi lile lile lilirudiwa, na kila jina ilipasa litiwe katika mojawapo ya safu hizi: amepona na makohozi yamethibitisha, amemaliza dawa lakini hakupimwa, amekufa, dawa imemshinda, bado ana vijidudu, ametoroka, amehamia wilaya nyingine. Jumla ya safu zote ilikuwa lazima ilingane na idadi ya majina ya mwanzo. Mtu hakuweza kupotea kimya kimya. Kama amepotea, kupotea kwake kuliandikwa, na asilimia ya wilaya ikashuka.

Neno hilo la mtoro sikulipenda tangu nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Mtoro ni mtoto aliyejificha mtoni saa za masomo. Mama aliyeacha dawa kwa sababu zahanati ilikuwa haina dawa mara mbili mfululizo hakutoroka, ametorokwa. Siku hizi vitabu vya waganga vimeanza kutumia maneno ya upole zaidi, nami nadhani ni vizuri.

Matokeo ya miaka ya kwanza hayakuwa ya kufurahisha. Tiba ilikuwa ya miezi 12: miezi miwili ya sindano za kila siku pamoja na vidonge, kisha miezi kumi ya vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni vya kunywa nyumbani. Wagonjwa waliothibitika kupona walikuwa karibu nusu tu ya wote walioandikwa. Serikali nyingine ingeliona aibu ikalifunga daftari, au ikahesabu kama karani wetu wa kwanza na kutangaza asilimia tisini na kitu. Waendeshaji wa mpango wa Tanzania waliziacha tarakimu kama zilivyo, wakazitumia kutafuta mahali panapovuja. Uvujaji ulikuwa katika ile miezi kumi ya mwisho.

Hatari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Styblo alieleza mara nyingi ya kuwa tiba mbovu yaweza kuwa na madhara kuliko kutokuwapo kwa tiba. Mgonjwa asiyetibiwa hufa au hupona mwenyewe baada ya muda. Mgonjwa aliyetibiwa nusu hufanywa aishi, lakini huendelea kukohoa vijidudu kwa miaka, tena vijidudu vilivyokwisha kuizoea dawa. Kwa hiyo wilaya yenye wagonjwa wengi walioanza na wachache waliomaliza haikuwa imefanya nusu ya kazi njema. Yawezekana ilikuwa inafuga maradhi.

Ndipo mwaka 1982 Tanzania ilipoanza kutumia tiba fupi ya miezi minane, ingawa rifampisini ilikuwa ghali na wataalamu wengi walitikisa vichwa. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa alipewa dawa nne, na rifampisini ikiwamo. Aghalabu alilazwa, na kila kidonge alikinywa mbele ya macho ya muuguzi. Rifampisini haikutolewa mkononi mwa mtu aende nayo nyumbani. Baada ya hapo alirudi kwake na vidonge vya bei nafuu vya isoniazidi na thiasetazoni kwa miezi sita. Huu ulikuwa werevu mkubwa: dawa ghali ilitumika kwa muda mfupi, wakati vijidudu ni vingi, na mahali ambapo haiwezi kupotea, na hata mgonjwa akiacha dawa baada ya miezi minne au mitano, vijidudu vingi vilikuwa vimekwisha kuuawa. Matokeo yalipanda mpaka karibu 80 katika kila mia ya walioandikwa. Walioandikwa, nasema, si waliomaliza.

Karibu themanini katika mia si ukamilifu. Kati ya waliobaki, wengi walikuwa katika safu ya vifo, kwa maana watu walichelewa kufika. Lakini ikumbukwe nchi yenyewe ilikuwa katika hali gani. Vita na Idi Amin vilikuwa vimemaliza hazina mwaka 1979. Mafuta ya gari yalikuwa adimu. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Katika hali hiyo waratibu wa wilaya walizunguka na madaftari yao. Msaada wa fedha za kigeni ulikuwapo, hasa kutoka Uswisi na Uholanzi, na bila huo dawa zisingalipatikana. Lakini fedha hazitembei kwa miguu kumtafuta mgonjwa kijijini.

Linganisha na mji wa New York. Mwaka 1988 wagonjwa 178 wa kifua kikuu walitolewa katika hospitali moja ya Harlem wakiwa wanaendelea na dawa. Waganga wawili walipofuatilia habari zao na kuzitangaza mwaka 1991, waliona kuwa asilimia 89 walikuwa wamepotea, hawakumaliza dawa. Wengi wao hawakuwa na makao, na idara ya kuwafuata ilikuwa imekatwa fedha kwa miaka mingi kwa kuwa wakubwa walidhani maradhi yamekwisha. Kijana wa Kenya asisome habari hii kwa kucheka wenzake. Aisome aone kuwa utajiri wa nchi ni jambo moja, na kumtafuta mgonjwa mmoja mmoja kwa jina lake ni jambo jingine.

Wakati huo huo wanauchumi walichukua hesabu za Tanzania, Malawi na Msumbiji, nchi zilizokuwa zimefuata mpango ule ule, wakapima gharama yake. Waliona kuwa kutibu kifua kikuu kwa tiba fupi ni miongoni mwa njia nafuu kuliko zote za kuokoa maisha ya mtu mzima katika nchi maskini. Hesabu hiyo isingaliwezekana kama daftari lingekuwa la uongo. Mwaka 1991 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliweka shabaha mbili kwa mataifa yote, zifikiwe mwaka 2000: kuwagundua wagonjwa 70 katika kila mia wenye vijidudu katika makohozi, na kuwaponya 85 katika kila mia ya waliogunduliwa. Mwaka 1993 shirika hilo likatangaza kifua kikuu kuwa hatari ya dunia nzima, na baada ya hapo mpango uliojengwa Tanzania ukapewa jina jipya na kupelekwa China, Peru, India na kwingineko. Shabaha ya mwaka 2000 haikufikiwa kwa wakati wake. Styblo alifariki mwaka 1998.

Lakini wakati mpango ule ulipokuwa unasifiwa Geneva, huku kwetu ulikuwa umepigwa na dhoruba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera. Virusi vya ukimwi huvunja ulinzi wa mwili, na yule kijidudu mfungwa hutoka kifungoni. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikwa Tanzania walikuwa kiasi cha 12,000 mwaka 1983. Miaka ishirini baadaye walizidi 60,000 kwa mwaka. Safu ya waliokufa ikawa ndefu. Juu ya hayo, uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa thiasetazoni, ile dawa nafuu iliyoaminiwa kwa miaka thelathini, iliwachubua vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi vya ukimwi, na kuwaua baadhi yao. Ikalazimu kuiacha. Nguzo moja ya mpango wa bei nafuu ikaanguka, na badala yake zikatafutwa dawa za bei ya juu zaidi.

Mwenye kusoma madaftari ya miaka ile bila kujua historia angesema kuwa waratibu walilegea, kwa maana asilimia haikupanda. Ukweli ni kinyume. Kuiweka karibu 80 wakati wagonjwa wameongezeka mara tano, tena wengi wao wana maradhi mawili kwa pamoja, ilikuwa kazi nzito kuliko kuifikisha hapo mara ya kwanza. Tarakimu isiyosogea yaweza kuficha mbio nyingi.

Wadi nazo hazikutosha tena kuwalaza wote. Katika wilaya ya Temeke mjini Dar es Salaam lilifanywa jaribio, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2004: wagonjwa wengine walinywa dawa mbele ya muuguzi zahanatini, na wengine mbele ya mtu wa karibu nao nyumbani. Matokeo yalikaribiana sana, kama yalivyokuwa Madras miaka 45 kabla. Baada ya hapo Tanzania ilieneza utaratibu wa mgonjwa kuchagua mwenyewe mahali pa kutibiwa na, akitaka kutibiwa nyumbani, mtu wa kumsimamia: mke, mama, kaka au jirani. Tiba ikawa ya miezi sita, rifampisini ikitumika toka mwanzo hadi mwisho, na dawa za kupunguza nguvu za virusi vya ukimwi zikatolewa pamoja nayo. Katika miaka ya karibuni waliotibiwa kwa mafanikio nchini humo wamepita 90 katika kila mia ya walioandikwa. Kibong'oto, ile hospitali ya hewa safi, imekuwa mahali pa kuwatibu wale ambao vijidudu vyao vimezizoea dawa za kawaida.

Kenya iliuunganisha mpango wake wa kifua kikuu na ule wa ukoma mwaka 1980, ikafuata njia ya jirani yake, na madaftari yake yamefanana na yale ya Tanzania katika mengi.

Limebaki jambo moja ambalo daftari haliwezi kulisema. Safu zake zote huanza na jina, na jina huandikwa pale tu mgonjwa anapofika. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi wa nchi nzima: badala ya kuwangoja watu hospitalini, wachunguzi waliwafuata vijijini na mijini wakiwa na mashine ya eksirei, wakawapima watu wazima zaidi ya 50,000, wenye kikohozi na wasio nacho. Wagonjwa walionekana kuwa wengi kuliko ilivyokadiriwa. Kenya ilifanya uchunguzi kama huo, na matokeo yake yalikuwa na sura hiyo hiyo: watu 558 wenye kifua kikuu katika kila watu wazima 100,000, wanaume wakiwazidi sana wanawake. Wengi wa watu hao walikuwa hawajaandikwa popote. Walikuwa kazini, sokoni, katika matatu na majumbani mwao, wakikohoa.